Basi tumelikodi siku nzima, kwa nini lisisogee mchana?

Swali lililonifikia, kwa ufupi:

"Mtaalamu, mimi ni katibu wa kamati ya safari. Watu 52 wa familia yetu, wakiwemo watoto 3 wa kupakatwa na babu yetu anayetumia kiti cha magurudumu, tunakwenda harusini, km 210 kutoka tunapokusanyikia. Tunaondoka Jumamosi saa 12 asubuhi na kuanza kurudi saa 2 usiku. Nimepata bei tatu za basi la viti 49. Wa kwanza kataja bei kwa mdomo, kila kitu ndani, dereva mmoja, na watu wa ziada 'watajibana'. Wa pili anatoza kwa siku, bei yake inazidi ya kwanza kwa karibu nusu, halafu anataka tulipie chumba cha dereva, na basi lifungwe kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 2 usiku wakati tumelilipia siku nzima. Wa tatu anatoza kwa kilomita, anahesabu km 480 badala ya 420, analeta madereva wawili, na ndiye ghali kuliko wote. Hao wawili wanahesabu kila mtoto kiti, na arbuni ya asilimia 30 hairudi. Kamati inamtaka wa kwanza. Je, hao wengine wanatuibia?"

Ndugu Katibu, hawawaibii. Katika hao watatu, anayenitia wasiwasi ni huyo ambaye kamati imempenda, na sababu iko kwenye ratiba yenu yenyewe. Chukua karatasi tuifuate pamoja. Ukishaiona Jumamosi hiyo kwa macho ya dereva, bei zote tatu zitajieleza, na masharti mengi yaliyokuudhi yatajieleza pia.

Siku yenu inaanza saa 12 asubuhi. Ya dereva inaanza usiku. Hizo km 60 zilizozidi kwenye hesabu ya wa tatu ni km 30 za basi tupu kutoka yadi hadi mnapokusanyikia, na nyingine 30 za kurudi. Ili awe kwenu saa 11 na dakika 40, lazima atoke yadi saa 11 alfajiri. Kabla ya hapo ana nusu saa ya kukagua gari: anagonga tairi moja moja, hasa zile pacha za nyuma ambapo moja ikiisha upepo mwenzake huificha, anatazama oili, maji na taa, anawasha injini na kungoja mitungi ya upepo ijae ndipo breki zifanye kazi sawasawa. Kwa hiyo saa 10 na nusu alfajiri yuko yadi, na kitandani katoka saa 9 na nusu usiku.

Mnaondoka saa 12. Basi lililojaa, kwenye barabara ya kawaida yenye miji na vilima, hupata wastani wa km 60 kwa saa hivi. Km 210 ni saa tatu na nusu, ongeza nusu saa ya kujinyoosha na kwenda msalani, mnafika saa 4 asubuhi. Saa 2 usiku mnapanda tena, saa 6 usiku mko nyumbani. Yeye anaingia yadi saa 6 na dakika 40, anapita kiti kwa kiti kutafuta vilivyosahauliwa, anafunga, na imeshakuwa saa 7 usiku.

Sasa hesabu vitu viwili. Cha kwanza ni muda aliokaa kwenye usukani: dakika 40, saa tatu na nusu, saa tatu na nusu nyingine, tena dakika 40. Jumla ni saa 8 na dakika 20. Hapo ndipo wa kwanza anapokwambia dereva mmoja anatosha, na kwa hesabu hiyo peke yake hasemi uongo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inamruhusu dereva wa basi kuendesha saa 9 kwa siku, na Marekani wanaruhusu saa 10. Hesabu ya pili ni muda tangu alipoamka. Saa 2 usiku, mnapoingia garini mmechoka kwa kucheza, yeye ana saa 16 na nusu yuko macho. Nusu saa baadaye zinatimia 17.

Nimeitaja hiyo 17 kwa makusudi. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima watu walionyimwa usingizi. Mtu aliyekaa macho kwa muda wa saa 17 uwezo wake ulishuka ukawa sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakihesabu kuwa ulevi kwa mtu anayeendesha gari. Dereva wenu angekifikia mkiwa mmetembea km 30 tu. Zingebaki km 180, gizani, na abiria wote wamelala.

Jambo hili sikulijua vitabuni. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa karani wa zamu kwenye yadi ya mabasi ya kukodi. Usiku mmoja basi liliingia kama kawaida, likaegeshwa kwenye mstari wake, taa zikazimwa. Dereva hakushuka. Nilingoja, kisha nikamfuata na daftari la mafuta atie sahihi, nikamkuta ameketi, mkono bado umeshika ufunguo, macho wazi. Nikamwuliza kama daraja la kuingilia mjini wameshalifungua pande zote mbili, maana lilikuwa kwenye matengenezo. Akanitazama kitambo, akasema, "Sikumbuki kama nimelivuka." Alikuwa amelivuka, na watu 50 nyuma yake. Alikuwa ameamka saa 10 alfajiri, na wakati huo ilikuwa saa 8 usiku. Safari ile niliipanga mimi. Nilihesabu saa za usukani, nikaona zinatosha, nikagonga muhuri. Tangu siku hiyo kila safari ninayoipanga naianzia pale dereva anapofumbua macho.

Turudi kwa wa pili, huyo mwenye chumba. Sasa unaona anachokifanya. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 2 usiku kuna saa 10. Ukitoa robo saa ya kushusha watu na robo saa ya kujiandaa kuondoka, dereva anabakiwa na saa 9 na nusu za kulala. Kanuni ya Ulaya inataka mapumziko ya saa 11 kwa siku, ila inaruhusu yapunguzwe hadi 9 mara tatu kati ya mapumziko mawili ya wiki. Marekani, dereva wa abiria aliyepumzika saa 8 mfululizo huanza hesabu mpya. Kwa hiyo, kwa chumba hicho, dereva mmoja anawarudisha nyumbani akiwa ametoka usingizini. Ni njia ya watu wanaoijua kazi yao, na kwa ratiba yenu ndiyo rahisi kuliko zote.

Lakini neno zito hapo ni "mfululizo". Mkimpigia simu saa 7 mchana awapeleke maharusi kupiga picha, "dakika 20 tu", mmeyakata mapumziko vipande viwili, na hakuna kipande kitakachotosha. Ndiyo maana basi halisogei. Mmelilipia siku nzima, ni kweli, na sehemu ya siku hiyo mmeinunua iwe usingizi wa dereva. Kama kuna mizunguko ya mchana, kodini gari dogo la hapohapo kwa saa chache. Haitafika bei ya dereva wa pili.

Chumba chenyewe kiwe chumba. Kiwe na kitanda, pazia linaloziba mwanga, ufunguo mkononi mwake, na kiwe mbali na spika za harusi. Kiti cha nyuma cha basi hakifai: gari lililoegeshwa juani huwa tanuri, na kila baada ya robo saa mtu anagonga mlango achukue mkoba. Kwa hiyo watangazie abiria mapema: saa 4 asubuhi kila mtu ashuke na dawa zake, nepi za mtoto, viatu vya kubadilisha na chaja, maana mlango hautafunguliwa tena hadi usiku. Na mtu mmoja wa kamati ahakikishe dereva amepata chakula. Nimeona safari nyingi ambazo kila mtu alidhani mwenzake amemhudumia dereva.

Wa tatu na madereva wake wawili naye yuko sawa, kwa sharti moja ambalo lazima uliulizie: huyo dereva wa pili analala wapi? Kama ameamka saa 9 na nusu usiku pamoja na mwenzake, akakaa kiti cha mbele safari nzima na kushinda nanyi harusini, saa 2 usiku mnao madereva wawili waliochoka. Mpango mzuri ni dereva huyo wa pili kuanza siku yake mchana na kuwakuta huko, au naye apewe pa kulala. Akikujibu bila kusitasita, ujue swali hilo ameshalipanga. Akibabaika, hilo ongezeko la bei halikununulii kitu.

Usifikirie kwamba kuwahi kurudi kutatosha. Hata mkiondoka saa 11 jioni, dereva anafunga gari saa 4 usiku, na tangu kuingia yadi zimepita saa 17 na nusu. Kulala huko na kurudi Jumapili kunatatua, lakini mtalipa siku ya pili ya basi na vitanda vya watu 52.

Sasa bei. Basi la kukodi hutozwa kwa namna tatu kubwa: kwa saa, kwa siku, au kwa kilomita. Safari fupi za mjini hutozwa kwa saa, na kuna kima cha chini, mara nyingi saa 4 au 5, hata ukilitumia saa 2, kwa sababu dereva ameshaitwa na gari haliwezi kukodishwa kwa mwingine. Safari ya mbali inayoishia siku moja hutozwa kwa siku, ikiwa na kikomo cha kilomita. Safari ndefu hutozwa kwa kilomita. Kampuni nyingi hupiga hesabu mbili, ya siku na ya kilomita, kisha hukupa iliyo kubwa. Katika zote, saa na kilomita zinahesabiwa kutoka yadi hadi yadi. Basi tupu linakula dizeli, linamaliza tairi na linahitaji dereva kama lililojaa. Basi kubwa hutumia lita 25 hadi 35 kwa km 100. Ukichukua 30, safari yenu ya km 480 inameza lita 144. Piga simu kituo cha mafuta, zidisha, na utajua sehemu ya bei ambayo hakuna mwenye basi anayeweza kuipunguza. Kikibaki kidogo mno baada ya kuitoa, jiulize posho ya dereva, bima na matengenezo vinatoka wapi. Hesabu hii fanya kwa bei ya wa kwanza kabla ya kikao kijacho.

Kwa sababu hiyohiyo, anayekodi kwenda tu bila kurudi asishangae kutozwa karibu na bei ya kwenda na kurudi: basi lazima lirudi kwao.

Bei ya mdomo usiikubali kutoka kwa yeyote. Waandikie wote watatu ujumbe uleule, kwa maneno yaleyale: tarehe, saa ya kuondoka na ya kurudi, mahali pa kupakia, idadi ya watu pamoja na watoto, kiti cha magurudumu, mizigo. Waambie waseme kwa maandishi kama bei ina mafuta, ushuru wa barabara, maegesho, posho na malazi ya dereva, na kodi ya serikali. Ni kiasi gani kwa saa ya ziada mkichelewa. Na kama dizeli ikipanda bei kabla ya safari, nani anabeba. Majibu yakirudi, ile tofauti ya karibu nusu itakuwa imepungua sana, au wa kwanza atakuwa hajajibu. Saa ya ziada izingatie hasa, maana harusi haziishi kwa saa iliyoandikwa kwenye kadi. Katika ratiba yenu kila dakika mnayochelewa inamsogeza dereva kwenye ukomo wake, na dereva ana haki ya kukataa kuondoka akiona umepita.

Arbuni ya asilimia 30 ni ya kawaida. Mwenye basi akishawaandikia Jumamosi hiyo anawakataa wengine, na Jumamosi ikipita haiuziki tena. Hapo kuna nafasi ya kujadiliana, lakini usiombe irudi tu. Omba ngazi: mkiahirisha zikiwa zimebaki wiki nne, pesa ihamie tarehe nyingine, zikibaki wiki mbili, mpoteze nusu, siku za mwisho, mpoteze yote. Halafu dai upande wa pili, ambao mikataba mingi hunyamaza: wao wakivunja, warudishe kila kitu. Na basi likiharibika njiani, walete jingine lenye viti vilevile kwa gharama yao, ndani ya muda ulioandikwa. Lipia kwenye akaunti yenye jina la kampuni iliyoandika mkataba, upewe risiti. Anayetaka ulipe kwa mtu binafsi aghlabu ni dalali ambaye basi bado hajalipata.

Tuje kwenye viti, maana hapa nitawavunja moyo kidogo: nyinyi ni 52, na basi la viti 49 haliwatoshi. Mtoto anahesabiwa kwa sababu naye ana mwili. Basi likisimama ghafla kwa kugonga kitu, likitoka mwendo wa km 50 kwa saa hadi sifuri ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 10 anavuta mikono iliyomshika kama mzigo wa kilo 140. Hakuna mama anayeweza kumshika, hata awe na nguvu kiasi gani. Mtoto apate kiti na mkanda, na kwa mdogo sana njooni na kiti chake cha gari. Uliza mapema kama mikanda ya basi inakikubali. Abiria wa kusimama hali kadhalika. Kwenye daladala ya mjini mtu anashika bomba kwa vituo viwili, lakini hapa ni saa tatu na nusu, na bima ya basi imeandikwa kwa idadi ya viti. Akizidi mmoja, kampuni ya bima inaweza kupata sababu ya kuwakatalia wote 52. Ombeni basi la viti 53 au zaidi, au watu watatu watangulie kwa gari dogo.

Kuhusu babu, uliza swali moja kwanza: anaweza kuhamishiwa kiti cha kawaida akisaidiwa? Kama anaweza, kiti chake kikunjwe kiwekwe buti, na yeye apewe kiti cha mbele chenye nafasi ya miguu. Mjaribu kumpandisha ngazi za basi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ngazi ya kwanza ya basi kubwa huwa juu kuliko watu wanavyokumbuka. Kama hawezi, mnahitaji basi lenye lifti na mikanda ya kufunga magurudumu sakafuni, na huko viti kadhaa huondolewa ili kupata nafasi, kwa hiyo idadi yenu ibadilishwe ipasavyo. Kampuni iambieni leo. Asubuhi ya safari itakuwa imechelewa.

Masharti mengine nayapita haraka. Mizigo iende buti, isiwekwe njiani kati ya viti, kwa kuwa ndiyo njia ya kutokea nje, moto ukizuka. Uharibifu na matapishi hulipiwa na aliyekodi, kwa hiyo fahamu kiasi. Kama kampuni imekataza pombe ndani, iheshimuni. Na mteueni mtu mmoja wa kuzungumza na dereva. Watu watano wakimwelekeza njia tano anachoka kabla ya barabara kumchosha.

Siku yenyewe fika mapema uzunguke basi. Linganisha namba ya gari na iliyoandikwa kwenye mkataba na kwenye cheti cha bima. Vuta mikanda mitatu minne ya viti tofauti uone kama inafunga. Tafuta nyundo ya kuvunjia kioo, kizimamoto, na mlango wa dharura, kisha uwaonyeshe abiria vilipo kabla hamjaondoka. Orodha ya majina shika wewe nakala moja, dereva moja, na nyingine ibaki nyumbani.

Mimi ningemchukua wa pili. Mwandikie leo: "Tunakubali chumba na basi kufungwa. Tunahitaji viti 53, lifti kama babu hataweza ngazi, bei ya saa ya ziada, na sharti la basi mbadala, vyote kwenye mkataba." Kisha uwapigie wenyeji wenu wa harusi, uwaombe chumba kimoja tulivu, chenye pazia zito, kitakachokuwa tayari saa 4 asubuhi.